Mwanafunzi wa PhD kwenye kituo cha utafiti: ni mfanyakazi au ni mwanafunzi? Walioko Mtwara na Lindi tuongee

Mwana wa Mikindani #1
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaniuma na nataka tulijadili kwa uzito. Huku kwetu kusini kuna vijana wengi wanaosoma PhD wakiwa wamewekwa kwenye vituo na miradi ya utafiti: korosho, ufuta, mihogo, malaria, mambo ya bahari. Saa kumi na moja alfajiri kijana yuko shambani, mchana anaingiza data, usiku anaandika ripoti ya mradi ambayo jina lake halimo. Anafuata ratiba ya kituo, anapanda gari la kituo, anaomba ruhusa kwa bosi wa kituo. Siku akiugua anaambiwa "wewe si mtumishi wetu, nenda chuoni kwako." Akienda chuoni anaambiwa "wewe uko kwenye mradi, waulize wenye mradi." Anapigwa danadana mpaka anapona mwenyewe.

Msimamo wangu: anayezalisha data za kituo kila siku apewe mkataba wa kazi. Likizo, bima ya familia, mchango wa pensheni, fidia akiumia. Posho inayokuja pale mhasibu akijisikia haitoshi. Nje huko wenzetu wameweza, sisi tunakwama wapi?

Walio ndani wafunguke. Majina ya vituo na ya watu tuyaache.

Msangamkuu #2
Nakazia. Nilikaa kwenye mradi mmoja, posho ilikuwa inalipwa kila robo mwaka, na robo yenyewe inaanza kuhesabiwa ripoti ikikubaliwa na mfadhili. Mwenye nyumba hajui robo mwaka, anajua tarehe tano.

Bi Shangani #3
Mimi nitasema langu kwa sababu wanaume mtaishia kwenye pensheni.

Nilipata mimba nikiwa mwaka wa pili. Nikaandika barua kuomba likizo ya uzazi. Jibu lilikuwa fupi: posho ni ya anayekuwepo shambani, nisipokuwepo inasimama, nikirudi itaendelea. Msimu wa kuhesabu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haungoji mtu, mkorosho ukichanua umechanua, ukikosa mwaka huo unasubiri mwaka unaofuata. Kwa hiyo nilirudi mtoto akiwa na wiki chache. Mama mkwe alikuwa anatandika kanga chini ya mkorosho wa pembeni, nje ya jaribio ili asikanyage vitalu, nami nikimaliza mstari mmoja nakwenda kunyonyesha, nanawa salfa, ile dawa ya mikorosho, mikononi kwanza, nafuta kifua kwa kitambaa chenye maji, ndipo nampakata. Kisha mstari mwingine.

Data zile zipo kwenye chapisho sasa hivi. Nazionea fahari. Lakini mtoto hakupaswa kuwa pale, na mama mkwe wangu hakupaswa kuwa sehemu ya mradi bila kulipwa.

Chuma cha Nachingwea #4
Pole sana dada. Halafu watu wanasema PhD ni kukaa kwenye kiyoyozi.

Wakili Chikongola #5
Bi Shangani, pole na hongera kwa pamoja.

Kisheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ya mwaka ni siku 28. Swali zima ni kama wewe ni mwajiriwa. Hapo watu wengi huishia kusoma kichwa cha barua tu. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama mojawapo ya mambo haya lipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi na huyo, au anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Mojawapo, sio yote.

Sasa chukueni maelezo ya mleta uzi hapo juu mhesabu yametimia mangapi.

Mzee wa Masasi #6
Vijana, nawasalimu. Nimesimamia wanafunzi wa udaktari (PhD) kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nami naomba nisikilizwe kabla ya kupigwa mawe.

Wakili kasema vizuri, ila dhana hiyo inaweza kupinduliwa. Kituo kitaleta barua ya chuo ya kudahiliwa, kitaleta fomu ya ada, kitasema huyu anajifunza na kazi anayofanya ndiyo tasnifu yake mwenyewe. Shahada atakayoipata ni mali yake, si ya kituo.

Pili, msidhani msimamizi ana sanduku la fedha. Mradi unaandikwa, mfadhili anaupitisha ukiwa na kasma: ada, posho ya kujikimu, safari, vifaa vya maabara. Ukiweka kasma ya mshahara na michango ya mwajiri kwa mwanafunzi, wafadhili wengi wanaikata. Msimamizi anabaki na uchaguzi wa kuchukua wanafunzi wawili kwa posho au mmoja kwa mkataba. Mimi nilichagua wawili, na ningechagua hivyo tena, kwa sababu kusini tuna madaktari wachache wa sayansi.

Bi Shangani #7
Shikamoo mzee. Naheshimu, lakini wawili kwa posho maana yake mmoja wao anaweza kuwa mimi.

Mlindi Ughaibuni #8
Salaam kutoka Ujerumani. Kwetu ni Lindi mjini, Mtanda.

Mleta uzi kauliza wenzetu wamewezaje. Nieleze ninachokiishi. Hapa niko kwenye taasisi ya utafiti, si chuo. Taasisi hizi nyingi, zikiwemo za Max Planck, hazitoi shahada. Unafanyia kazi taasisi, unasajiliwa chuo kikuu jirani, na chuo ndicho kinakutunuku. Yaani ni mpangilio uleule wa huko nyumbani, kituo huku na chuo kule. Tofauti ni kwamba hapa taasisi inasaini mkataba wa ajira na wewe. Mshahara unafuata jedwali la watumishi wa umma, ngazi ya 13, ila unalipwa kwa asilimia, nusu au asilimia 65 au zaidi kutegemea fani na taasisi. Likizo siku 30 za kazi kwa mwaka. Bima ya afya mnachangia wewe na mwajiri. Pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri.

Msifikiri ilikuwa hivi tangu zamani. Mpaka 2015 Max Planck walikuwa na wanafunzi wengi wa udaktari kwenye ruzuku, wengi wao wageni, wasio na michango yoyote ya hifadhi ya jamii, huku mwenzake kwenye meza ya pili ana mkataba. Wanafunzi walipiga kelele kwa miaka. Mwaka huo ndipo utaratibu ukabadilishwa, wapya wakaanza kupewa mikataba.

Kijana wa Ligula #9
Nusu ya mshahara lakini kazi nzima? Hiyo nayo si danadana?

Mlindi Ughaibuni #10
@Kijana wa Ligula, umegusa penyewe, na hapa ndilo lalamiko kubwa. Karatasi inasema nusu, maabara inataka siku nzima na Jumamosi. Hoja yao ni kwamba nusu nyingine unajifanyia tasnifu yako. Hoja ya Mzee wa Masasi hiyohiyo, imevuka bahari.

Mama Ntwara #11
Nilisikia Ujerumani ukijifungua unakaa nyumbani mwaka mzima unalipwa mshahara wote. Kama ndivyo, na sisi tudai huo.

Mlindi Ughaibuni #12
Sivyo kabisa, mama. Mshahara kamili ni kwa kipindi cha ulinzi wa mama: wiki 6 kabla ya kujifungua na 8 baada. Baada ya hapo kuna likizo ya wazazi inayoweza kufika miaka mitatu, kazi yako inalindwa, ila pesa unayopata si mshahara. Ni fedha ya serikali, kwa kawaida karibu theluthi mbili ya kipato chako cha mkononi, na ina kikomo cha miezi. Mgeni inategemea pia kibali chake cha kuishi. Wiki 14 ukilinganisha na siku zetu 84, ambazo ni wiki 12, kwenye maandishi hatuko mbali. Shida yetu ni nani anaingizwa kwenye hayo maandishi.

Msangamkuu #13
Mlindi, na ile pensheni ukirudi nyumbani wanabaki nayo?

Mlindi Ughaibuni #14
Ukitoka kabisa Umoja wa Ulaya, ikipita miezi 24 tangu michango ya lazima iishe, unaweza kuomba urudishiwe ile nusu uliyokatwa wewe. Nusu ya mwajiri hairudi. Tunza karatasi zako zote, hasa ile barua yenye namba ya bima.

Kangomba Hapana #15
Mimi nina mtazamo tofauti. Mkataba una meno pande zote mbili. Nina mkopo wa elimu ya juu. Nikiwa na mkataba wa ajira, asilimia 15 ya mshahara inakwenda Bodi ya Mikopo, hapohapo kuna kodi, hapohapo mfuko wa pensheni. Kwenye posho napokea yote. Watu wenye watoto wanaangalia kinachoingia mfukoni mwezi huu.

Mwana wa Mikindani #16
Mkuu, mkopo utaulipa tu, ukiuchelewesha unakungoja mbele. Na siku ukianguka na pikipiki ndipo utajua hayo makato yalikuwa yanakununulia nini.

Chuma cha Nachingwea #17
Umenikumbusha. Rafiki yangu alikuwa anakwenda kukagua mashamba ya wakulima upande wa Newala, pikipiki ya mradi, barabara ina mchanga. Akavunjika mtulinga. Kwa mtumishi, mwajiri anapaswa kuwa anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi 2015, na mchango ni wa mwajiri peke yake, hukatwi hata senti. Kwake yeye wakasema hayumo kwenye orodha ya watumishi. Kadi yake ya bima ilikuwa ile ya wanafunzi ya shilingi 50,400. Matibabu ilisaidia kiasi. Ila miezi aliyokaa na mkono shingoni hakuna aliyemlipa, na pikipiki akadaiwa yeye kioo na klachi.

Alidaiwa klachi, jamani.

Mama Ntwara #18
Klachi!! Hapo nimekasirika kama niliyevunjika mimi.

Mwalimu wa Ruangwa #19
Nichomekee kitu. Mnaongea Ujerumani na Lindi bila kuitaja Tendaguru, kile kilima cha mifupa ya dinosaria mkoani Lindi? Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa huku kwetu enzi za Majimaji, watu wetu wakaibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, leo vijana wa Berlin wanaifanyia udaktari na mikataba mizuri. Mwanzo wa wasaidizi wa utafiti wasio na mkataba ni pale.

Mzee wa Masasi #20
Mwalimu, Majimaji ilikuwa 1905 hadi 1907. Uchimbaji mkubwa wa makumbusho ya Berlin ulianza 1909 ukaisha 1913. Waingereza wakaja baadaye, 1924 hadi 1931. Na wale hawakuwa wabebaji tu. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa uchimbaji, anajua kutambua mfupa na kuusafisha, na 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru ulipewa jina lake kisayansi, *Australodocus bohetii*. Ilichukua karibu karne nzima.

Mwalimu wa Ruangwa #21
Shukrani mzee kwa miaka. Ila unaona ulivyoimarisha hoja yangu? Zaidi ya tani 200 za mifupa zimesafirishwa, aliyekuwa na ujuzi wa shambani ametambuliwa watu wakiwa wameshakufa. Mwanafunzi wa leo anayeujua kila mche wa jaribio kwa namba yake asingoje karne.

Kijana wa Ligula #22
Watu wa Lindi kila mada mnaipeleka Tendaguru. Siku tukijadili bei ya pweza mtatuambia dinosaria naye alikuwa anakula pweza 😂

Mlindi Ughaibuni #23
Nyie wa Mtwara kila mada mnaipeleka kwenye korosho, tumenyamaza.

Bahari na Mikoko #24
Turudi barabarani. Suala ambalo halijaguswa ni masharti ya kulipwa. Mimi posho yangu ilifungwa kwenye matokeo: sampuli zikifika maabara Dar, ndipo inatoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Basi limesimama, mimi nina kisanduku cha barafu mapajani, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye suruali, kondakta ananiuliza nimebeba samaki gani. Nilipiga simu kuomba nirudi Lindi nikahifadhi kwenye friji ya mtu. Nikaambiwa ni uamuzi wangu, ila sampuli zikiharibika hazihesabiki.

Zikaharibika. Posho haikutoka. Dereva wa mradi aliyekwama siku zilezile mshahara wake uliingia kama kawaida, na ni haki yake, simwonei wivu. Nachouliza ni kwa nini hatari ya barabara ya kitaifa ikae begani kwa mwanafunzi.

Wakili Chikongola #25
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu. Mwenye mkataba wa ajira analipwa kwa muda na juhudi, hasara ya mazingira ni ya mwajiri. Mwenye posho ya matokeo amegeuzwa mzabuni bila kujua, na mzabuni angalau huweka faida kwenye bei yake.

Ndugu wa Wageningen #26
Niongeze upande wa wanaosoma kwa mtindo wa kukaa nje kidogo na nyumbani kidogo. Wageningen, Uholanzi, wana mpango wa namna hiyo: unaanza kule kwa miezi kadhaa, unarudi nyumbani kukusanya data, unamalizia kule. Sweden nao wamesomesha Watanzania wengi hivyo kupitia ushirikiano wa utafiti ulioanza miaka ya 1970. Umeleta wasomi wengi nchini, siupondi. Lakini Uholanzi mwanafunzi wa udaktari wa kawaida ni mwajiriwa wa chuo. Sisi wa mtindo huu tunakuwa wa ruzuku. Maabara moja, profesa mmoja, hadhi mbili. Na ukirudi kukusanya data huku, ile miezi ndiyo huna pa kushika: bima ya kule imesimama, ya huku hujaanza.

Kwa hiyo mleta uzi, ukisema "wenzetu wameweza", uliza wameweza kwa nani.

Mtumishi Mtiifu #27
Mnasahau kundi letu. Mimi ni mtumishi wa umma niliye masomoni kwa ruhusa ya mwajiri. Mshahara wangu unaendelea, mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unaendelea, asilimia 5 yangu na 15 ya mwajiri, bima ya mke na watoto inaendelea. Ushauri wangu: kijana atafute ajira kwanza, asome baadaye. Mkataba wa PhD mnaoutafuta tayari upo, unaitwa ajira ya serikali.

Kangomba Hapana #28
Ajira zenyewe ziko wapi mkuu? Tungekuwa nazo tungekuwa humu?

Bi Shangani #29
@Mtumishi Mtiifu, na wewe unarudi ofisini ukikuta kazi zako zimekungoja mezani. Kuna dada yupo masomoni kwa ruhusa, kila wiki anaitwa "njoo mara moja tu." Tasnifu inalala. Mshahara anao, muda hana. Mimi nilikuwa na muda, mshahara sina.

Mzee wa Masasi #30
Nimesoma yote, hasa la Bi Shangani na la sanduku la barafu. Bado nasema tatizo liko kwa wafadhili na kasma zao. Lakini nakubali hili: likizo ya uzazi na ajali shambani vingeweza kuandikwa kwenye maombi ya mradi tangu mwanzo, kwa kasma ya dharura, na sikumbuki mfadhili aliyewahi kunikatalia kasma ya dharura. Wasimamizi walioko kazini walichukue.

Na msisahau kwa nini kazi hii ina thamani. Nchi hii ilivuna korosho tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 tulishuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei na kuhamishwa vijijini zikiwemo, lakini ubwiriunga ulikuwa mmoja wa wauaji wakubwa. Ulidhibitiwa kwa watu kukaa mashambani wakihesabu maua yaliyougua, kazi ileile aliyofanya huyu binti na mtoto wake pembeni. Kila mnada wa stakabadhi ghalani unaouona leo una jasho la watu wa namna hiyo.

Msangamkuu #31
Mzee, kama jasho lao liko kwenye kila mnada, basi hata tozo za korosho zinaweza kuchangia bima yao. Wafadhili tunawasubiri wa nini wakati zao lipo hapahapa?

Mtumishi Mtiifu #32
Tozo ina mipango yake kisheria, huwezi kuichomoa hivihivi.

Msangamkuu #33
Sheria ilitungwa na watu, hubadilishwa na watu. Max Planck hawakubadilika kwa kusubiri.

Mama Ntwara #34
Binti yangu ameitwa na mradi mmoja huku Mtwara, barua imefika leo. Ukurasa mmoja. Imeandikwa "posho ya mafunzo kwa mujibu wa upatikanaji wa fedha." Asaini au asisaini?

Wakili Chikongola #35
Mama, asiikatae, ila kabla ya kusaini aandike barua pepe ya heshima aulize: posho inalipwa tarehe gani na fedha zikichelewa anaishije, akiumia akiwa shambani nani analipa, akijifungua posho inakuwaje, data na jina lake kwenye machapisho zinakaaje, na nani anatoa ruhusa ya likizo, kituo au chuo. Wajibu kwa maandishi. Hata wakijibu "hatuna utaratibu", hilo ni jibu, alitunze. Na kuanzia siku ya kwanza atunze ratiba anazopangiwa, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, fomu za gari. Kifungu cha 61 kinasimama juu ya karatasi za namna hiyo.

Bahari na Mikoko #36
Wakili, na sisi tuliokwisha kunyimwa? Nikienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi naambiwa nimechelewa?

Wakili Chikongola #37
Mgogoro wa kuachishwa una siku 30, migogoro mingine siku 60 tangu ulipotokea. Ukipita huo muda unaomba kwanza kuongezewa muda kwa kueleza sababu ya kuchelewa, na sababu iwe ya maana, "sikujua" haitoshi. Kama posho nyingine imezuiwa hivi karibuni, anza na hiyo. Nitumie barua zako kwenye kisanduku cha ujumbe, ziba jina la kituo na la msimamizi.

Bahari na Mikoko #38
Zinakuja usiku huu. Ya mwezi uliopita nayo imezuiwa.